Taulo kwenye Kitasa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Jenerali amemtemea mate mdogo wangu wa kike. Naandika yote mawili maana nikiyaweka kifuani sitapata usingizi.

Huyo Jenerali hajawahi kushika hata bunduki ya kuchezea. Alikuwa akiuza mazulia. Jina tulimpa sisi kwa kupenda kwake kuamrisha. Mdogo wangu aliingia kumwogesha, mzee akamwambia aondoe mikono yake michafu, akaongeza na lile neno tunalolijua sote, kisha mate. Yakatua shavuni. Mdogo wangu hakujifuta. Alitoka vilevile, akapita katikati ya ukumbi wazee wakinywa chai, akaenda kusimama mbele ya Meneja.

"Haya, nifute wewe," akamwambia.

Meneja akampa tishu. Akasema mzee yule akili zimeshamtoka, tusimhesabie.

Shangazi alinikamata stoo ya mashuka, macho yamemwiva. "Mdogo wako ana wazimu? Taulo lilikuwa kwenye kitasa! Amelitoa kwa mkono wake mwenyewe akaingia!"

Habari ya taulo ni hii. Katika nyumba hii ya wazee, wanaoogeshwa karibu wote ni wazungu, na waogeshaji wengi wetu ni weusi. Shangazi alipoanza kazi hapa, mimi bado mtoto nikimsumbua nyumbani kwake, aliona wasichana wakitoka vyumbani wanalia. Akabuni njia. Mzee akikukataa kwa rangi yako, unatoka kimya, unatundika taulo kwenye kitasa cha nje. Mweusi mwingine akipita akiliona anajua hapo si pake. Anamwita mzungu mmojawapo aingie, halafu yeye anamshikia huyo mzungu kazi yake kwingine. Hakuna kelele, hakuna mashtaka. Mameneja watatu wamekuja na kuondoka, kila mmoja akidhani ni mataulo yanayosubiri kufuliwa.

Na taulo haliulizwi. Hiyo ndiyo sheria ya Shangazi. "Ukauliza nini? Unataka akurudie tusi ulisikie vizuri?"


Alhamisi, 6 Machi

Chakula cha jioni kimekuwa vita. Tunaishi nyumba moja sisi watatu, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Shangazi: "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi nimewalea nyinyi wawili kwa kazi hiyo. Sijapigana na mtu, na sijatemewa mate."

Mdogo wangu: "Hujatemewa kwa sababu umewaachia mlango. Shangazi, unawafichia! Anayetukana hajui hata kama ametukana, maana dakika tano tu ameletewa mzungu kama alivyotaka. Anayetukataa asihudumiwe na yeyote mpaka aombe radhi. Basi."

"Alale na uchafu wake?"

"Alale nao."

"Mtu wa miaka tisini?"

"Ulimi wake una miaka mingapi?"

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema maharage yamezidi chumvi. Mdogo wangu akaniita popo, si ndege si mnyama. Shangazi akasema ndiyo maana siolewi, yaani sioi, mwanamume asiyeweza kuchagua hata upande wa meza. Amekasirika mpaka maneno yanamgongana.

Ukweli ni kwamba sijui. Kila mmoja akisema, namwona ana haki, mpaka mwingine afungue mdomo.


Jumapili, 9 Machi

Mvua. Mashine ya kukaushia nguo imeungua. Kila kitu kinanuka unyevu, hata mimi.


Ijumaa, 14 Machi

Meneja ametutangazia kikao mwisho wa mwezi ujao. Anataka sisi weusi tumletee neno moja, "tunataka nini hasa", kwa sababu kila mmoja humwambia lake. Wenzangu wamenichagua mimi nikaseme. Nimekataa, wakapiga makofi kama nimekubali.

Nikaenda kwa Mwalimu kupunguza machungu. Mwalimu ni bibi wa chumba cha pembeni, alifundisha hesabu miaka mingi, na kila Ijumaa baada ya chai tunacheza dama. Ananiibia kete mchana kweupe. Nikimshika anasema, "Kijana, uzee una haki zake." Katika nyumba hii nzima ni yeye tu huniuliza nimelalaje na akasubiri jibu.

Leo nilimweleza habari ya kikao. Alifikiri sana, akasema, "Darasani kwangu, mtoto akimtukana mwenzake rangi, niliwasimamisha watazamane usoni mpaka mmoja acheke."

"Na asipocheka mtu?"

"Kipindi kiliisha."

"Na kosa la yule aliyetukanwa lilikuwa nini, Mwalimu, mpaka naye asimamishwe?"

Alizungusha kete mkononi, masikio yakawa mekundu. "Hilo sikulifikiria," akasema. Nikampenda zaidi. Ni wangapi watakuambia hivyo?


Jumatano, 19 Machi

Mrefu amekuja juu leo. Mrefu ni mzungu, mwogeshaji mwenzetu, na kwa kuwa wazungu katika kazi hii ni wachache, vyumba vyenye taulo karibu vyote humwangukia yeye.

"Nyinyi mnalinda heshima, mimi navunjika mgongo," akaniambia, anajinyoosha kama paka. Kisha akakaa kwenye kapu la nguo chafu, sura imebadilika. "Unajua Jenerali huniambia nini nikimsugua? Ananiambia, 'Afadhali wewe, sisi tunaelewana.' Nami nanyamaza. Namalizia na miguu. Anadhani niko upande wake, na mimi sijawahi kumwambia siko."

"Kwa nini hujamwambia?"

"Shangazi yako amesema tusilete kelele."

"Shangazi amesema sisi. Wewe nani kakuzuia?"

Akaondoka bila kuaga. Nadhani nilimgusa pabaya, na sijuti.


Jumatatu, 24 Machi

Nimepita ukumbi wa pembeni asubuhi. Kuna taulo kwenye kitasa cha Mwalimu.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikatazama tena namba ya mlango. Ni kwake.


Jumanne, 25 Machi

Bado lipo.

Nimewauliza wenzangu nani ametundika. Hakuna aliyejibu, na sikutarajia, maana aibu ile mtu haisimulii. Mdogo wangu hakushangaa hata kidogo. "Kaka, ulidhani wewe ni nani kwake? Wewe ni mtumishi anayejua dama." Nilimwambia afunge domo lake. Akaja kunitengea chai baadaye, kwa hiyo najua aliniona jinsi nilivyokuwa.

Shangazi akaniambia taratibu, "Wazee hugeuka, mwanangu. Jana anakuita kijana, leo anaona mtu mweusi mlangoni anaogopa. Usiende. Utakachokisikia hakitoki tena masikioni."

Sikwenda. Lakini moyo unaniwaka. Jenerali akinitukana ni mvua, hunyesha kwa kila mtu. Huyu alinijua.


Ijumaa, 28 Machi

Siku ya dama. Nimesafisha stoo.


Jumatano, 2 Aprili

Leo Mwalimu alikuwa ukumbini kwenye kiti chake cha magurudumu. Akaniinulia mkono. Nikajitia hamnazo, nikatazama dirishani, na dirishani hakukuwa na kitu zaidi ya mvua.

Mrefu akanifuata jikoni. "Bibi anauliza kama unaumwa."

"Mwambie nina kazi."

"Mimi kwa kweli sijamsikia akisema neno baya."

"Mbele yako atasemaje? Wewe si mnaelewana?"

Nilisema hivyo kwa makusudi. Uso wake ulikunjamana, nami nikaona raha, raha mbaya.


Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika kama yalivyotokea.

Usiku wa kuamkia leo mto ulifunika daraja. Mrefu na wazungu wenzake wote wanaishi ng'ambo, hakuna aliyefika. Tukabaki mimi, Shangazi, mdogo wangu, mpishi, na Meneja, mzungu pekee, aliyelala ofisini. Wazee wote juu yetu. Vyumba vya mataulo Shangazi alimpa Meneja, akimwambia tu ni vya Mrefu, naye akaanzia kwa Jenerali na hakutoka huko asubuhi nzima, kwa vile mzee aliharisha.

Baada ya chai ya asubuhi kengele ya Mwalimu ikalia.

Nilikuwa nasukuma kigari cha mashuka. Nikafika mlangoni kwake. Taulo lipo. Nikasema moyoni, si anataka wazungu? Awasubiri wavuke mto. Nikapita. Kengele ikalia tena nikiwa chumba cha tatu, ikalia tena nikiwa namlisha mzee mwingine. Nilimwona mdogo wangu akipita pale akiwa amebeba ndoo, akalitazama taulo, akainua kidevu, akaenda zake. Nilimwona Shangazi akisimama, akiweka mkono kifuani, akatazama upande wa ofisi kama anayetafuta mtu wa kumtuma, asimwone. Naye akapita. Watatu wa nyumba moja. Hatuelewani juu ya jambo lolote duniani, na leo tulielewana kupita mlango ule.

Kisha kengele ikanyamaza. Nami, Mungu wangu, nilishukuru iliponyamaza.

Karibu na chakula cha mchana ukimya ule ukaanza kunisumbua. Mwalimu si mtu wa kunyamaza. Angeweza kubonyeza kengele ile kutwa, ili tu apate wa kumlalamikia. Nikaweka sahani chini, nikaenda, nikafungua bila kubisha.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na dirisha. Dirisha liko wazi, mvua imeingia, yeye amelowa chapachapa, midomo ya bluu, mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Kamba ya kengele ilikuwa imemponyoka mkononi. Alitaka tu kufunga dirisha. Alipoona hakuna anayekuja, alijaribu mwenyewe.

Nikapiga magoti. Akafumbua macho, akanitambua. Akatabasamu! Hilo ndilo linaloniua. Akatabasamu, meno yanagongana, akasema, "Kijana, umepona?"

Nilikuwa natafuta kitu cha kumkausha.

"Chukua taulo langu," akasema. "Nimelianika mlangoni. Kila siku naliweka hapo, humu ndani halikauki. Naona huko nje nako halikauki."

Nimelianika.

Nikapiga ukunga. Mdogo wangu akaja mbio, Shangazi nyuma yake, nami nikawa naita "Blanketi! Blanketi!" huku nimelishika taulo lile mkononi, taulo la mtu aliyetaka akioga kesho ajifute na kitu kikavu. Lilikuwa bado na unyevu.

Tukamfunika. Shangazi alimshika kichwa mapajani. Gari la hospitali lilizunguka barabara ya mbali kwa ajili ya daraja. Muda wote ule Mwalimu alikuwa akiuliza jambo moja, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kusahihisha daftari lake: "Nimewakosea nini? Mbona mmeniacha wote? Niambieni, nimekosea nini?"


Jumapili, 6 Aprili

Nyonga imevunjika. Mapafu yana maji. Hatujui kama atapona.

Nyumbani hakuna aliyekula. Tuliketi watatu tunatazama sufuria. Mdogo wangu ndiye aliyeanza. "Nilisikia kengele," akasema. "Nilijiambia, hiyo ndiyo dawa yao. Nilijisikia vizuri, kaka. Nilijisikia mrefu."

Shangazi akajifuta macho kwa kiganja. "Nami nilijiambia nisimwongezee hofu yule bibi. Nilikuwa namhurumia nikimpita."

Wakasubiri niseme langu. Nikasema mimi nilitaka aumie kidogo. Nilitaka anihitaji halafu anikose. Basi ameumia.

Mdogo wangu akafoka, "Lakini kama tangu zamani tungesema waziwazi, taulo lisingekuwapo!"

"Na kama ungekuwa wewe ndiye unayeamua," Shangazi akamjibu, "leo mlango ule ungefungwa kwa amri, si kwa taulo. Angeanguka vilevile."

Mvua ikagonga bati. Ni mara ya kwanza kuwaona wamemaliza maneno.


Alhamisi, 10 Aprili

Meneja hakungoja mwisho wa mwezi. Binti ya Mwalimu alikuja, amesimama mlangoni na koti linachuruzika, anataka kujua kwa nini mama yake alipiga kengele asubuhi nzima katika nyumba yenye watu. Tukaitwa sote, weusi na weupe.

Mimi ndiye msemaji, lakini Shangazi alisimama kabla yangu. Akaeleza yote: wasichana waliolia, taulo, sheria ya kutouliza. "Nimelianzisha mimi," akasema. "Nilitaka kuwakinga watoto wangu. Sikujua nawafundisha kuwaogopa hata wasiowatukana."

Meneja akawa mwekundu. "Miaka yote hii! Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulipoambiwa ulitoa tishu," akasema mdogo wangu.

Meneja alianza ule wimbo wake, kwamba hapa haoni rangi, sisi sote familia moja. Binti ya Mwalimu akamkatiza. "Kama ungeiona ungejua wafanyakazi wako wana milango wasiyoingia. Mama yangu yumo hospitalini kwa sababu huoni."

Ndipo akatugeukia sisi, nikadhani sasa ni zamu ya huruma. Wapi! "Na nyinyi," akasema, "mama yangu hakuwatukana. Mlimhukumu kwa taulo." Alikuwa sawa, na Meneja alikuwa na makosa, na Jenerali ndiye aliyeanza, na yote hayo yalikuwa kweli kwa wakati mmoja chumba kile kile.

Wakaniuliza neno langu. Nikasema: mataulo yatoke vitasani leo hii. Akitukana mtu, tusiondoke kimya na tusimwache peke yake. Tuingie wawili, mweusi na mweupe, na mweupe ndiye aseme, maana tusi hilo linasemwa kwa kutegemea ukimya wake. Na Meneja aende yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akawaambie wazee.

Mrefu akasema, "Mimi nitasema."

Shangazi amepewa mpaka mwisho wa mwezi aondoke. Mdogo wangu, ambaye miezi yote amekuwa akimwita mzee wa kuficha, alimrukia Meneja kwa maneno mpaka Shangazi akamvuta kwa sketi aketi.


Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu na Mrefu wameingia kwa Jenerali pamoja. Tusi likatoka. Mrefu akamwambia, "Mzee, mimi na wewe hatuelewani, na hatujawahi." Jenerali akanuna, akageukia ukuta, akaogeshwa akiwa amenuna. Mdogo wangu anasema hakuna kilichobadilika. Mrefu anasema kesho ataingia tena. Mvua inapungua.


Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu amerudi. Hatatembea tena. Amebaki mdogo kitandani, sauti imekuwa nyembamba, lakini macho ni yaleyale.

Nilibeba beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni, nikabisha. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamgusa kabla sijamwambia mwenyewe, maana binti yake hakumwambia, alihofia kumvunja moyo. Nikaweka beseni chini. Nikamweleza maana ya taulo. Nikamweleza Jumatatu ile nilivyolikuta kwenye kitasa chake, na siku ya mto.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kengele uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukajua ni mimi."

"Nilijua."

"Na ukaamini kwamba mimi..." Hakumaliza. "Yule muuza mazulia hakujui hata jina, na hataki kulijua. Mimi ulikuwa unanijua. Ungefungua mlango tu ukaniuliza."

"Nilikuwa nimeumia, Mwalimu."

"Najua. Najua mlivyotendwa, sikatai." Akafunga macho. "Lakini leo sitaki uniogeshe. Niitie mwingine."

Nikainama kuchukua beseni. "Mrefu yuko zamu," nikasema. "Nitamwita."

Akafumbua macho, na hapo kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika kweli. "Nimesema mzungu? Niitie shangazi yako. Au mdogo wako. Yeyote kati yao."

"Nao walipita, Mwalimu. Sisi sote watatu tulipita."

"Hao hatukuwa marafiki," akasema. "Wewe ndiye sikutaki."

Nikatoka. Shangazi alikuwa mwisho wa ukumbi anakunja mashuka ya wiki yake ya mwisho. Aliponiona na beseni limejaa alielewa nusu yake, akaja haraka, uso umemwiva kwa ajili yangu, tayari kunikinga kama zamani.

"Amekukataa?"

"Amenikataa."

"Kwa ajili ya rangi?"

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Kwa ajili yangu mwenyewe. Anakutaka wewe."

Kisha akalipokea beseni, akaingia, na mlango ukafungwa. Nikasimama nje nikiwasikia wakiongea, maji yakimwagika, Mwalimu akilalamika kwamba yamepoa. Maisha yangu yote nimekataliwa kwa jambo nisilolitenda, na nilikuwa nimejifunza namna ya kulibeba. Hili sijui linabebwaje. Nilikwenda kuchemsha maji mengine.